Tiketi ya dola 49, begi la dola 35: ada na miungano ya mashirika ya ndege Marekani

Tuanze na hesabu ya tiketi moja. Mwaka 2025 shirika la ndege la Marekani linatangaza safari ya ndani, kwenda bila kurudi na bila kubadilisha ndege njiani, kwa dola 49. Sheria ya huko inataka bei inayotangazwa iwe tayari na kodi zote ndani yake, kwa hiyo dola 49 ndizo abiria atakazolipa. Humo ndani mna ushuru wa serikali wa dola 5.20 kwa kila ndege anayopanda, ada ya usalama ya dola 5.60, na ada ya uwanja, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 4.50 na viwanja vingi vikubwa hutoza hichohicho. Jumla ya hizo tatu ni dola 15.30. Zinabaki 33.70, na ndani yake mna kodi ya asilimia 7.5 ya nauli, yaani dola 2.35. Mwisho wa yote shirika linashika dola 31.35.

Sasa abiria huyo anakabidhi begi moja kaunta na kulipa dola 35. Hapo hakuna ada ya usalama, hakuna ada ya uwanja, wala ile asilimia 7.5. Zote 35 zinakwenda kwa shirika. Begi limeingiza fedha nyingi kuliko mwenye begi. Ni kweli begi lina gharama zake: wapakiaji, mikanda ya kusafirishia, fidia likipotea. Lakini hata mtu ana za kwake, na ni kubwa zaidi.

Hesabu hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika suala zima. Watu wengi hulalamikia ada kama jambo moja, na kuungana kwa mashirika kama jambo jingine. Kwa kweli yanategemeana. Ada ni sehemu ya bei iliyofichwa mbali na macho ya anayelinganisha nauli. Kila shirika moja linapomezwa na jingine, anapungua mshindani ambaye angeweza kujitangaza kwa kutotoza ada hizo.

Ada zilianzaje

Hadi 1978 nauli na njia za ndege za Marekani zilipangwa na bodi ya serikali. Shirika lisingeweza kushusha bei likipenda, kwa hiyo lilishindana kwa chakula, nafasi ya miguu na tabasamu. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoondoa udhibiti huo, na kila shirika likawa huru kupanga bei yake. Nauli zikashuka katika njia nyingi, na mashirika mengi yakaanzishwa, mengi yakafa.

Miaka ishirini baadaye ukaja mtandao wa intaneti, na abiria akaanza kuona mashirika yote kwenye ukurasa mmoja, yamepangwa kuanzia bei ya chini. Aliye juu ya orodha ndiye anayebonyezwa. Katika mazingira hayo, kila huduma unayoitoa ndani ya nauli na kuiuza pembeni inakupandisha kwenye orodha, hata kama abiria atakuja kulipa jumla ileile au zaidi.

Kilichokosekana ni kisingizio. Mwaka 2008 kilipatikana: mafuta ghafi yalifika dola 147 kwa pipa mwezi Julai. American Airlines ilitangaza mwezi Mei kwamba kuanzia tarehe 15 Juni itatoza dola 15 kwa begi la kwanza la kukabidhi, na wengine wakubwa wakafuata. Kabla ya mwaka kuisha mafuta yalianguka vibaya sana. Ada haikuanguka nayo. Mwaka 2010 Spirit, shirika la bei nafuu, ikaenda hatua moja mbele na kuanza kutoza hata begi kubwa la mkononi, lile linalowekwa kwenye kabati la juu ya kiti.

Takwimu za serikali zinaonyesha fedha za mabegi zilivyokua: zaidi kidogo ya dola bilioni 1 mwaka 2008, karibu bilioni 5.8 mwaka 2019, na zaidi ya bilioni 7 mwaka 2023. Mabegi yakazaa ndugu. Kuchagua kiti nako kukawa na bei. Ripoti ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti iliyotoka Novemba 2024 ilikuta kwamba American, Delta, United, Spirit na Frontier walikusanya dola bilioni 12.4 za ada za viti kati ya 2018 na 2023. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba Frontier na Spirit walilipa dola milioni 26 kwa miaka miwili, 2022 na 2023, kwa wahudumu wa geti na wenzao kama motisha ya kukamata abiria wenye mabegi yaliyozidi kipimo. Ukiona mhudumu anakulazimisha kulisukuma begi kwenye lile sanduku la chuma, kumbuka kwamba huenda analipwa likikataa kuingia.

Kodi nayo ina mchango mkubwa hapa. Mamlaka ya mapato ya Marekani huhesabu ada ya hiari, kama ya begi, kuwa si sehemu ya nauli, hivyo haitozwi ile asilimia 7.5. Asilimia 7.5 ya dola bilioni 7 ni dola milioni 525 kwa mwaka, fedha ambazo zingeingia kwenye mfuko unaogharamia kuongoza ndege na kujenga viwanja. Shirika likihamisha dola 50 kutoka nauli kwenda ada, kodi inapungua kwa dola 3.75 bila abiria kuona nafuu yoyote. Kwa maoni yetu huu ndio mwanya ambao ungezibwa kwanza kuliko mingine yote, kwa sababu serikali yenyewe ndiyo inayolipa ili bei ifichwe.

Kuna jambo la kuangalia pia mtu anapokuambia nauli za Marekani zimeshuka. Ni kweli: ukiondoa mfumuko wa bei, wastani wa nauli ya ndani, ambao mwaka 2023 ulikuwa karibu dola 380, uko chini sana ukilinganisha na miaka ya 1990. Ila wastani huo unahesabu nauli na kodi zinazolipwa wakati wa kununua tiketi. Mabegi na viti havimo. Na nauli ya 1995 ilikuwa na mabegi ndani yake.

Kutoka mashirika mengi hadi manne

Mwaka 2008 Delta iliimeza Northwest. Mwaka 2010 United ikaungana na Continental. Mwaka 2011 Southwest ikainunua AirTran. Desemba 2013 American na US Airways wakawa kitu kimoja, baada ya Wizara ya Sheria kwenda mahakamani Agosti mwaka huo kisha kukubali suluhu: mashirika hayo yaliachia nafasi 104 za kupaa na kutua katika uwanja wa Reagan mjini Washington na 34 katika LaGuardia, New York, ili wapewe wenye bei nafuu. Kwa hiyo ndani ya miaka mitano tu majina manane makubwa yakawa manne: American, Delta, United na Southwest. Wizara imewahi kuieleza mahakama kwamba wanne hao wanashika karibu asilimia 80 ya soko la ndani.

Lakini asilimia ya taifa haimgusi abiria moja kwa moja. Abiria hanunui "Marekani", ananunua safari kutoka mji huu kwenda ule. Ndiyo maana wachunguzi hupima ushindani njia kwa njia, kwa kipimo kiitwacho HHI. Namna ya kukipiga ni rahisi: chukua asilimia ya kila shirika katika njia hiyo, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha. Tuseme njia ina mashirika matatu yenye asilimia 40, 35 na 25. Unapata 1,600 na 1,225 na 625, jumla 3,450. Wale wawili wadogo wakiungana wanakuwa na 60, na hesabu inakuwa 1,600 na 3,600, jumla 5,200. Ongezeko ni 1,750. Mwongozo wa serikali wa 2023 unasema kwamba soko likivuka 1,800 na muungano ukiongeza zaidi ya 100, muungano huo unadhaniwa kuumiza ushindani hadi wahusika wathibitishe vinginevyo.

Wanaotetea miungano wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mashirika mawili yenye mitandao isiyoingiliana yakiungana, abiria wa mji mdogo anapata tiketi moja hadi mbali zaidi, begi lake linapita moja kwa moja, na ndege hazirudi nusu tupu. Kabla ya miungano hiyo, Delta, Northwest, United na US Airways wote walikuwa wamepitia mahakama ya kufilisika katika miaka ya 2000. Shida hutokea pale mitandao inapoingiliana, na hutokea kwa njia tatu ambazo abiria huzihisi kwa nyakati tofauti.

Ya kwanza ni ya papo kwa papo: njia iliyokuwa na mashirika mawili ya moja kwa moja inabaki na moja. Ya pili huchukua miaka. Shirika lililoungana hujikuta na vituo vikuu (viwanja linakokusanyia abiria wa kubadilisha ndege) vilivyo karibu mno, likaanza kupunguza. Baada ya kuichukua Northwest, Delta ilipunguza safari za Cincinnati kwa kiasi kikubwa, na Septemba 2013 ikaacha kuitumia Memphis kama kituo kikuu. United ilifanya hivyo Cleveland mwaka 2014. Mkazi wa miji hiyo akajikuta akibadilisha ndege mahali alipokuwa akiruka moja kwa moja. Hata hivyo Cincinnati inafundisha upande wa pili vilevile: uwanja ulipobaki na mageti matupu, Frontier na Allegiant waliingia, na mji uliokuwa maarufu kwa nauli ghali ukaanza kupata nauli za chini. Kilichookoa nauli hapo ni kuwepo kwa mtu mwingine aliyekuwa tayari kuingia.

Ya tatu ndiyo inayohusu ada, nayo haina kelele. Wauzaji wakiwa wachache na kila mmoja akiiona bei ya mwenzake muda huohuo, hakuna haja ya kikao cha siri. Mwishoni mwa Agosti 2018 JetBlue ilipandisha begi la kwanza hadi dola 30. United ikafuata ndani ya siku chache, na kabla ya Septemba kwisha Delta na American wakawa palepale. Mwaka 2024 mchezo ulirudiwa: Alaska na JetBlue walitangulia, American na United wakafuata Februari, Delta Machi. Begi la kwanza likawa dola 35 na la pili 45 hivi, na American na United wakaongeza dola 5 kwa anayengoja kulipia la kwanza uwanjani. Aliyepandisha wa kwanza angeogopa kukimbiwa na wateja kama kungekuwa na wengi wa kukimbilia.

Southwest, mwiba uliong'olewa

Kwa zaidi ya nusu karne Southwest haikutoza mabegi mawili ya kwanza. Mwaka 1993 wachumi wa Wizara ya Uchukuzi waliliita kwa jina la Southwest jambo walilolikuta: shirika hilo likiingia uwanja fulani, nauli za wote zinashuka. Hata ilipoinunua AirTran, iliyokuwa ikitoza mabegi, tozo hiyo ilikufa pamoja na jina la AirTran mwishoni mwa 2014. Huo ni mfano wa nadra wa muungano uliofuta ada.

Mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya Elliott ilinunua hisa nyingi za Southwest na kudai mabadiliko ya uongozi na faida. Septemba mwaka huo Southwest ilitoa hesabu yake mbele ya wawekezaji: kutoza mabegi kungeleta dola bilioni 1 hadi 1.5 kwa mwaka, lakini kungepoteza bilioni 1.8 za wateja watakaohama. Kwa maneno mengine, ni hasara. Miezi sita baadaye uamuzi ukageuzwa. Tiketi zilizonunuliwa kuanzia tarehe 28 Mei 2025 zikaanza kutozwa dola 35 na 45, isipokuwa kwa nauli za juu, wateja wa kudumu waliopewa daraja na shirika, na wenye kadi ya benki ya shirika. Ile 1.8 ilitegemea wateja wawe na mahali pa kuhamia. Wote wengine wakubwa walikuwa tayari wanatoza.

Wadogo nao walikuwa taabani. JetBlue ilikubaliana mwaka 2022 kuinunua Spirit kwa dola bilioni 3.8, ikiwa na mpango wa kuondoa baadhi ya viti katika ndege za Spirit ili zifanane na zake. Tarehe 16 Januari 2024 Jaji William Young wa Boston aliuzuia mpango huo, kwa hoja kwamba watakaoumia ni wale wasafiri wa bei ya chini kabisa. Hoja yake ilikuwa nzuri, lakini haikuiokoa Spirit: iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika Novemba 2024, ikatoka Machi 2025, ikarudi tena Agosti 2025. Waliotaka muungano huo wanasema jaji alimuua mgonjwa kwa kumnyima daktari. Sisi tunaona kwamba daktari mwenyewe alikuja na mpango wa kuondoa viti. Kwa msafiri wa tiketi ya dola 49 matokeo yangekaribiana.

Msafiri afanyeje

Kosa la kawaida ni kulinganisha nauli badala ya safari. Andika kwanza unachobeba: mabegi ya kukabidhi mangapi, la mkononi la ukubwa gani, na kama ni lazima mkae pamoja. Kisha fungua ukurasa wa mabegi wa kila shirika na kujumlisha kwenda na kurudi, kwa sababu ada ya begi hutozwa kila upande. Familia ya watu wanne, kila mmoja na mabegi mawili kwa bei za 2025 za dola 35 na 45, inalipa dola 320 kwenda na 320 kurudi. Nauli ya dola 60 zaidi kwa mtu, yenye mabegi ndani yake, ni rahisi kuliko hapo.

Tiketi za daraja la chini kabisa zisomwe kwa makini. United hairuhusu begi kubwa la mkononi kwenye tiketi hiyo katika safari za ndani, na ukilifikisha getini unalipa ada ya begi pamoja na dola 25 juu yake. Kwa Frontier kitu cha bure ni mkoba usiozidi inchi 18 kwa 14 kwa 8, yaani takriban sentimita 46 kwa 36 kwa 20, magurudumu na mishikio vikihesabiwa. Ada ya getini inaweza kufika dola 99. Lipia begi wakati wa kununua tiketi. Bei hupanda kila unaposogelea ndege.

Kadi za benki za mashirika hufuta ada ya begi la kwanza, na biashara hiyo ni kubwa: mwaka 2024 kampuni ya kadi ya American Express iliilipa Delta zaidi ya dola bilioni 7. Maana yake ni kwamba wanaobaki kulipa ada ni wanaosafiri mara chache na wasio na historia ya mikopo Marekani, ambao ndio wahamiaji wengi wa miaka ya mwanzo.

Kwa anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Kigali kwenda miji ya ndani kama Minneapolis au Columbus, jambo kubwa ni kununua safari yote katika tiketi moja. Kanuni ya Wizara ya Uchukuzi inataka masharti ya mizigo yawe yaleyale mwanzo hadi mwisho wa tiketi inayoanzia au kuishia Marekani. Ukiruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23 Nairobi, unaruhusiwa hayohayo hadi ndege ya mwisho, ingawa utayachukua uwanja wa kwanza wa kuingilia, upite nayo forodhani na kuyarudisha mkandani. Ukinunua kipande cha ndani peke yake kwa sababu kilionekana rahisi, kanuni hiyo inakatika. Unayabeba mabegi hadi kaunta ya shirika jingine na kulipa kama abiria wa ndani: dola 80 kwa mawili kwa bei za 2025, na likivuka pauni 50 (kama kilo 23) kidogo tu, nyingine juu yake. Mwaka 2025 mashirika makubwa mengi yalitoza hadi dola 100 kwa begi la pauni 51 hadi 70. Mizani ya nyumbani ya kuning'iniza, na nguo chache za kuhamishia begi jingine, zina faida hapo.

Haki za kurudishiwa fedha zimeimarika tangu Oktoba 2024. Ndege ikifutwa, au ikibadilishwa kwa saa 3 au zaidi katika safari ya ndani au saa 6 katika ya kimataifa, nawe ukakataa kusafiri, fedha zinarudi kwa njia uliyolipia: siku 7 za kazi kwa kadi ya mkopo, siku 20 kwa njia nyingine. Huna wajibu wa kupokea vocha. Ukikubali ndege mbadala na ukapanda, haki hiyo imeisha. Vilevile, ukinunua moja kwa moja kwa shirika angalau siku 7 kabla ya safari, shirika lazima likuruhusu kufuta bure ndani ya saa 24, au likushikilie bei kwa muda huo kabla hujalipa. Wakala hafungwi na sharti hilo, kwa hiyo muulize kabla ya kutoa pesa. Kanuni nyingine ya 2024, iliyotaka ada zionyeshwe pamoja na nauli tangu mwanzo wa kutafuta, ilisimamishwa na mahakama ya rufaa Julai mwaka huo baada ya mashirika kushtaki, ndiyo maana bado unapiga hesabu hizi mwenyewe.

Ada ya begi nayo hurudi. Begi likichelewa zaidi ya saa 12 katika safari ya ndani, au saa 15 katika ya kimataifa isiyozidi saa 12 angani, au saa 30 kwa ndefu kuliko hiyo, shirika linapaswa kuirudisha. Lakini lazima ripoti iwepo. Nenda dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, pata namba ya ripoti, na utunze ile karatasi ndogo yenye msimbo wa begi waliyokupa kaunta.